Dakika Tisa Ambazo Mashine Haikuziona

SAA 11:20 JIONI

"Tuna robo saa," Safwat alisema. "Ikizidi, Idi tutaila gerezani."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la vifungo, ubavuni mwa kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Abu Sinna. Ukuta mmoja tu wa matofali ndio uliowatenga na mali. Nje, Kairo yote ilikuwa mbioni kurudi nyumbani. Honi, matusi, watu wakigombania mikate ya mwisho. Ilikuwa Ramadhani ishirini na sita, na kila mtu alikuwa na njaa na hasira.

Safwat aliwahi kuwa dalali wa dhahabu mtaani hapo, mpaka mizani yake ilipokutwa na hila. Kando yake alikaa Hilmi, fundi kufuli, mwembamba kama msumari, ambaye hakuna kasha lililowahi kumshinda. Nagwa, dada yake Safwat, dereva, alisimama mlangoni na kikapu cha mkate. Ndani ya kikapu, chini ya mkate, kulikuwa na bastola. Wa nne alikuwa Wagih. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, kompyuta ndogo mapajani.

"Bashmuhandis," Safwat alimwita, kama watu wa huko wanavyomwita kila mhandisi, awe wa madaraja au wa mabomba. "Waeleze tena. Polepole. Hilmi kichwa chake kizito."

"Kizito kwa njaa," Hilmi alisema. "Nimefunga siku ishirini na sita. Nimeshasema, mimi siibi kabla ya adhana. Saumu yangu siiharibu."

"Baada ya adhana utaiba?"

"Baada ya adhana nitakula tende moja, kisha nitaiba."

Wagih aliinama. Alinyanyua waya mweusi uliotokeza ukutani, karibu na sakafu.

"Kule ndani kuna mashine moja. Inaangalia kila kitu. Kamera, milango, vitambuzi, hata feni. Mlango wa hazina ukiguswa, inapiga kengele na kushusha pazia la chuma kichochoroni."

"Kwa hiyo unaizima," Hilmi alisema.

"Siizimi. Ukiizima, betri inalia na polisi wanakuja. Mimi naigandisha. Katika kiini cha mfumo wake mna kitatuzi, mahali ambapo mafundi huingia kutafuta hitilafu. Natuma ishara moja ndefu kwenye waya huu. Mashine inasimama hapo hapo, katikati ya inachofanya. Haioni, haisikii, haiandiki. Hata saa yake inasimama. Mimi niko tumboni mwake, nasoma kumbukumbu yake. Nikimaliza, nabonyeza herufi moja, c, inaendelea pale pale ilipoachia. Haijui kwamba ilisimama."

"Kama mtu aliyezimia."

"Aliyezimia akiamka anajua alizimia. Hii haijui kitu."

"Na robo saa inatoka wapi?" Nagwa aliuliza.

"Kampuni ya ulinzi huiita mashine kila robo saa. Isipojibu, wanatuma gari. Wataita saa kumi na mbili na robo, itajibu. Hapo naigandisha. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu niwe nimeiachilia."

Safwat aliinua vidole. "Kichochoroni kuna kufuli la kawaida, Hilmi analikata. Hazina, dakika sita. Kubeba, dakika nne. Kutoka, mbili. Jumla kumi na mbili. Nagwa anabaki hapa na Bashmuhandis, simu wazi. Tukitoka, anakimbilia kwenye gari." Akamgeukia Wagih. "Na nani yuko ndani wakati wa futari?"

Wagih alikuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi.

"Bishara peke yake," alisema. "Anakaa chumba cha ulinzi, ghorofa ya pili. Anatazama picha. Picha zikiganda, ataona korido tupu, kama kawaida."

"Kwa nini yeye kila siku?"

"Ni Mkristo. Wenzake wakienda kufuturu kwao, yeye anashika zamu."

"Mungu amzidishie," Safwat alisema, na safari hii wote walicheka isipokuwa Wagih.

SAA 11:50 JIONI

Hili ndilo ambalo Wagih hakuwaambia.

Miaka sita alifanya kazi na Bishara katika kiwanda kile. Miaka sita, kila Ramadhani, Bishara alimsukuma mlangoni na kumwambia, "Nenda, mama yako anakusubiri." Mama yake Wagih alikuwa akimkaangia Bishara qatayef, vile vitumbua vitamu vya Ramadhani, kwa mafuta ya mbegu, bila samli, kwa sababu mfungo wa Wakristo nao mara nyingi uliangukia siku hizo hizo na Bishara hakuwa anagusa chochote cha mnyama. Mama alipofariki, Bishara alisimama makaburini kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Waya ule mweusi Wagih aliupenyeza ukutani mwenyewe, zamani, ili mashine ikikwama aitengeneze huku anakunywa chai kwa jirani huyu wa vifungo. Njia ya kuingia kwenye kitatuzi aliiacha wazi tangu siku alizokuwa anaijenga mashine. Kila jioni alijiambia ataifunga kesho. Aliyeyajua hayo mawili alikuwa Bishara peke yake, na Bishara alinyamaza, kwa sababu rafiki hasemi.

Kisha Tamir Bey, mtoto wa mwenye kiwanda, alimfukuza Wagih kwa ujumbe wa simu. Mstari mmoja. Bishara alikwenda ofisini kumtetea mpaka akatishiwa kufukuzwa naye. Wagih alipoletewa habari hizo alilia. Miezi minne baadaye Safwat alimkuta mkahawani, akamsikiliza akilalamika, akamlipia chai.

Alijua baada ya leo polisi watamshika nani. Mtu pekee aliyekuwa ndani. Usiku mzima wa jana alikuwa akijiambia watamhoji na kumwachia, na kila alipojiambia alijiona mwongo.

SAA 12:12 JIONI

Mzinga wa futari ulilia ngomeni. Adhana ikafuata, misikiti kumi kwa pamoja, na barabara ikanyamaza. Hilmi alikula tende moja. Akaifuta mikono kwa suruali, akachukua mkoba wa vifaa.

"Bismillahi," alisema.

"Nyamaza we," Safwat alimwambia. "Usimtaje hapa."

Walitoka.

SAA 12:15 JIONI

Kwenye kioo cha kompyuta, Wagih aliona kampuni ikiita na mashine ikijibu. Akatuma ishara ndefu.

Mistari ilisimama. Chini yake kikatokea kialama kidogo cha kitatuzi, kinapepesa, kinasubiri amri.

"Imesimama," alisema.

"Imesimama, kaka," Nagwa aliiambia simu. Kule ng'ambo kufuli lilikatika, mlio mmoja mkavu.

Dakika ya kwanza. Ya pili. Wagih alihesabu kwa sauti, kama walivyokubaliana. Sauti ya Hilmi ilisikika simuni ikiisemesha hazina kwa upole, kama mtu anayembembeleza punda.

Wagih alisogeza kompyuta karibu. Akaanza kusoma kumbukumbu ya mashine, kwa mazoea tu, kama zamani. Vitambuzi. Kamera. Milango. Alitaka kuhakikisha Bishara ameketi juu, salama, mbali na Safwat.

Kadi ya mwisho ilipitishwa saa 12:09. Namba 417. Kadi ya Bishara.

Mlango: chumba cha tindikali. Kuingia. Hakukuwa na kutoka.

Wagih aliacha kuhesabu.

Alisoma tena. Akatafuta sufuria za tindikali, zile za kusafishia dhahabu. Sufuria ya tatu ilikuwa motoni, nyuzi themanini na sita. Wakati wa futari sufuria huwa zimezimwa, sikuzote. Lakini leo zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya Idi, kila bibi harusi mjini anataka bangili, na bila shaka mtu mmoja wa karakana alikuwa amesema, "Bishara, ndugu yangu, niangalizie hii nikafuturu." Na Bishara alikuwa amesema nenda.

Feni zilizovuta moshi wa tindikali zilikuwa zinangoja ishara kutoka kwa mashine kila sekunde kumi. Isipokuja, zinasimama. Wagih ndiye aliyezipanga hivyo. Na mlango wa chumba hicho hufunguka kwa kadi, na kadi husomwa na mashine, na mashine ameigandisha yeye.

Ilikuwa dakika ya tatu.

Aliujua moshi ule. Rangi ya kahawia, unakwaruza koo kidogo tu. Ami Fathi wa karakana ya jirani aliuvuta mwaka juzi wakati feni ilipokatika. Alitoka akicheka, akala chakula cha jioni, akalala. Alfajiri alikutwa amekufa, mapafu yamejaa maji. Daktari alisema angelazwa siku ile ile na kuwekwa kwenye oksijeni, angepona.

Kidole cha Wagih kilikuwa juu ya herufi. Herufi moja, basi. Feni zingezunguka, mlango ungefunguka. Na kengele ingelia, pazia la chuma lingeshuka, Safwat na Hilmi wangenaswa ndani, nao wangemtaja yeye kabla hawajafungwa pingu.

Bishara ni mzoefu, alijiambia. Atalala sakafuni. Atajifunika kitambaa. Dakika chache hazimuui mtu mzima.

Akakiondoa kidole.

Dakika ya nne alikaa kimya. Ya tano alikaa kimya. Alifikiria tiketi ya ndege aliyokuwa ameichagua tayari, kiti cha dirishani, na aliona haya mbele ya nafsi yake lakini hakusogea. Ya sita Hilmi alipiga kelele simuni, "Imefunguka!" na Safwat akacheka kicheko cha mtoto. Wagih alikuwa anatazama namba moja tu, 417, ambayo haikubadilika wala isingeweza kubadilika.

"Hesabu," Nagwa alisema.

Wagih aliendelea kuitazama namba.

"We, Bashmuhandis. Uliacha kuhesabu dakika ya tatu. Umeona nini?"

SAA 12:22 JIONI

"Kuna mtu kwenye chumba cha tindikali," Wagih alisema. "Feni zimesimama. Mlango haufunguki. Atakufa."

Nagwa aliweka simu sikioni. "Kaka, umesikia?"

"Nimesikia." Pumzi za Safwat zilikuwa nzito, alikuwa anabeba. "Nipeni dakika tano."

"Hana tano!" Wagih alifoka.

"Basi tatu. Bashmuhandis, nisikilize, mpenzi wangu. Uligandisha wewe, si mimi. Tukitoka salama, utamfungulia. Tukikamatwa, wewe ni wa kwanza. Nagwa, mwangalie mkono."

Nagwa alitoa bastola kwenye mkate. Hakuielekeza popote. Aliiweka tu juu ya meza ya cherehani, akaifunika kwa kiganja.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Bishara."

"Ana watoto?"

"Wasichana wawili."

"Na wewe umenyamaza hapo tangu dakika ya tatu." Alimtazama kwa namna ambayo Wagih hakuwahi kutazamwa na mtu. "Kaka yangu ni mwizi. Wewe sijui nikuite nani."

"Niue basi."

"Sikuui. Lakini kaka yangu yuko ndani. Ukibonyeza hiyo, nakupasua mkono. Naapa kwa mama yangu."

Alimaanisha. Wagih alimtazama usoni, akaona anamaanisha. Simuni mifuko ilikuwa inaburutwa, Hilmi akilalamikia mgongo.

Dakika ya nane ikaisha.

Wagih aliweka mkono wa kushoto mezani, wazi, mbele ya bastola. Kwa wa kulia akabonyeza c.

SAA 12:24 JIONI

Nagwa hakupiga. Kengele ilimwahi. Mlio wake ulipenya ukuta, na chini yake kikasikika kishindo cha pazia la chuma likishuka kichochoroni.

"Nagwa!" Safwat alikuwa anapiga mayowe simuni. "Nagwa, tumefungiwa! Mpige huyo mbwa! Nagwa, leta gari ulisukumize pazia! Nagwa!"

Nagwa alisimama katikati ya chumba, bastola mkononi, simu mkononi. Alitazama mlango wa duka. Alitazama ukuta ambao kaka yake alikuwa nyuma yake. Kisha akakata simu.

"Nina mtoto," alisema, kama mtu aliyeulizwa. Alimpiga Wagih usoni kwa kitako cha bastola, mara moja, kwa nguvu zake zote, akatoka. Gari liliwaka na kuondoka, na halikuelekea kichochoroni.

Wagih alibaki sakafuni na damu mdomoni. Kwenye kioo, mistari ilikuwa inapita upya. Mashine ilikuwa imeandika kwamba ni saa 12:15, na kwamba feni zinazunguka vizuri, kama zilivyokuwa zikizunguka jioni nzima.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Safwat na Hilmi walikuwa na mengi ya kushughulika nayo. Mpaka wamtaje, angekuwa ameshafika kituo cha treni. Alivuta waya, akafunga kompyuta, akatoka. Alifika hadi kona ya wauza manukato. Hapo akageuka, akarudi kiwandani.

SAA 12:41 JIONI

Watu walikuwa wamejaa mbele ya kiwanda, wengine na vijiko bado mkononi. Polisi walikuwa wameshawatoa Safwat na Hilmi. Gari la wagonjwa lilisimama milango wazi, na kwenye ngazi yake ya nyuma alikaa Bishara, macho mekundu, anakohoa kidogo, anatabasamu.

"Niko sawa, daktari. Kweli. Koo tu linawasha."

"Feni zilisimama muda gani?" Daktari alikuwa kijana, ndevu zake zina makombo ya sambusa.

"Sikuhesabu. Nililala chini nikasali. Dakika moja? Mbili?"

"Hata moja," Tamir Bey alisema. Alikuwa na simu yake mkononi, anasoma kumbukumbu za mashine. "Hapa pameandikwa. Feni hazikusimama hata sekunde. Kengele imelia, mlango ukafunguka papo hapo. Ni hofu tu. Bishara, wewe shujaa, nenda nyumbani."

Daktari alimsikiliza kifua tena, akavua vifaa masikioni. "Mapafu safi. Kunywa maziwa, ukalale."

"Niko kwenye mfungo, daktari. Maziwa siyanywi."

"Basi maji. Hongera kwa kuwa hai."

Watu walipiga makofi. Bishara aliinuka, na alipoinuka akamwona Wagih nyuma ya bega la polisi. Uso wake ulifunguka.

"Wagih! Umesikia kengele ukaja? Mbona unavuja damu, jamani? Mpisheni, huyu ni ndugu yangu." Alimshika bega na kumvuta karibu. Nguo zake zilikuwa zinanuka moshi. "Nikiwa mle ndani nilisema, angekuwepo Wagih, angejua la kufanya."

Wagih alitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka. Bishara alikuwa na joto, hai, anapumua. Alfajiri asingekuwa hivyo, na hakuna mtu pale aliyejua hilo isipokuwa yeye.

"Daktari," alisema. "Usimpeleke nyumbani. Amevuta moshi dakika tisa."

"Mashine inasema..." Tamir Bey alianza.

"Mashine ilikuwa imegandishwa. Itazame saa yake, iko nyuma dakika tisa. Haijui. Feni zilisimama tangu saa kumi na mbili na robo hadi na dakika ishirini na nne, sufuria ikiwa nyuzi themanini na sita. Mpe oksijeni. Mlaze leo, hata akikwambia mzima."

Daktari alitazama saa mkononi mwake, akaichukua simu ya Tamir Bey, akazilinganisha. Rangi ilimtoka. Akageuka na kuvuta mtungi.

"Wewe umejuaje?" Afisa wa polisi alikuwa amesogea.

"Mimi ndiye niliyeigandisha."

Mkono wa Bishara ulikuwa bado begani kwa Wagih. Ulitulia hapo, mzito, kama mwenyewe amesahau kuuondoa.

"Hukujua kwamba nilikuwa mle," Bishara alisema. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamweleza polisi, anamwekea neno mdomoni, kama miaka yote alivyomshikia zamu. "Mwambie, Wagih. Ulidhani niko juu."

Daktari alikwisha kujua Bishara amevuta moshi dakika ngapi. Afisa alikuwa anasubiri na kalamu. Kilichobaki kilikuwa neno moja tu, ndiyo, nalo lisingemdhuru mtu yeyote.

"Dakika ya tatu nilikuona," Wagih alisema. "Nikanyamaza."

Mkono ukaondoka begani. Daktari alimvika Bishara barakoa ya oksijeni na kumlaza, na milango ya gari ilipokuwa inafungwa, Wagih alimwona amegeuza uso ukutani.